Hori Lililofukiwa Darajani

Kwa miaka mingi bahari iliingia mji wa Zanzibar kwa mlango wa uani. Mbele, upande wa Shangani na Forodhani, ilikuwa bahari ya wageni: meli, mizinga ya salamu, majumba meupe ya Sultani. Nyuma ya mji maji yaliingia bila makeke kutokea Funguni na Malindi, yakapinda kuelekea kusini kupitia palipo Darajani leo, yakaenda kutandaa kwenye tambarare ya Mnazi Mmoja. Yalijaa mara mbili kwa siku, na mara mbili yakapwa na kuacha matope. Bamvua lilipokuwa kubwa, shingo nyembamba ya ardhi iliyouunganisha mji na Unguja kwa upande wa kusini ilikaribia kufunikwa, na mji ukawa karibu kuzungukwa na maji pande zote.

Hori lile halipo tena. Mahali pake pana barabara pana, ambayo jina lake rasmi ni Barabara ya Benjamin Mkapa ingawa wakubwa wetu bado huiita Creek Road. Pana soko, maduka ya vitambaa na simu, vyombo vya plastiki vilivyopangwa hadi nje, watu wanaogombea daladala jioni. Mtu hutoka Mkunazini akaingia Mchangani kwa hatua chache, wala hana habari kwamba babu zake wangehitaji daraja, mtumbwi, au subira ya kungoja maji yatoke. Nataka kuyazungumza maji hayo kwa sababu naamini mji bado unaishi nayo. Tena miji yetu mingine ya pwani na ya bara inafanya sasa, kwa mashine na kwa haraka, jambo ambalo Zanzibar ililifanya polepole kwa miongo kadhaa, na sioni dalili kwamba imeuliza Zanzibar yalifuata nini baada ya hapo.

Umbo la ardhi ndilo lililoanza yote. Mji Mkongwe umejengwa juu ya rasi ya pembetatu, mchanga na matumbawe, iliyochomoza magharibi mwa Unguja. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa hufikia takriban mita 4 wakati wa bamvua. Penye jabali, mita 4 ni alama tu ukutani. Penye tambarare ya matope, mita hizo hizo huzamisha eneo kubwa kiasi kwamba saa sita zinatosha kugeuza njia ya miguu kuwa ziwa la kupitisha mashua. Ndivyo lilivyokuwa hori la mjini: halikuwa mto, maana halikuwa na chanzo cha maji baridi cha kulitosha, wala halikuwa bwawa, maana halikutulia. Lilikuwa mkono wa bahari uliojifunza saa za mwezi.

Anayetaka kujua hori linafanya kazi gani aende leo kwenye mikoko ya Pete, kusini mwa msitu wa Jozani, wakati maji yanapotoka. Tope ni jeusi, lina uvundo wa mayai viza, na mguu ukizama unanyonywa. Ukisimama kimya kidogo, linaanza kutembea: kaa wadogo wanatoka mashimoni, madume wakipunga gando moja lililo kubwa kuliko jingine. Tondo wamepanda mashina ya mikoko kukwepa maji na sasa wanashuka kula. Mizizi ya mchu imechomoza juu ya tope ili ivute hewa, kwa sababu chini ya tope hewa hakuna. Na maji yanayotoka hayatoki kwa kishindo. Yanachuja kati ya mizizi, yanapunguza mwendo, na kila yanapopunguza mwendo yanaacha mzigo wake, chembe kwa chembe. Maji ya mvua kutoka bara ya kisiwa yakifika hapo nayo hulazimika kupunguza mwendo, kutandaa, kungoja kupwa, kisha kwenda na bahari. Kazi hiyo haimgharimu mtu senti. Inataka kitu kimoja tu, nafasi.

Hori la mjini lilikuwa limechoshwa na binadamu mapema, na si haki kulipamba. Lakini lilifanya kazi hiyo hiyo, na juu yake lilibeba kazi za watu. Upande wa Funguni majahazi yaliingizwa kwa maji ya bamvua yakaachwa yalale ubavu maji yalipotoka. Hapo ndipo mafundi walipoingia. Walikwangua mwani na makombe yaliyoganda kwenye mkuku, wakachokoa nyufa na kuzijaza kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta, kisha wakapaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaozuia wadudu wasitoboe mbao. Kazi yote hiyo ilipimwa na maji. Yakianza kurudi, fundi aliyekuwa hajamaliza aliacha ubao wazi na hasara ikawa ya nahodha. Hori ndilo lililokuwa saa yao.

Kaskazi ilipovuma, tangu Desemba hadi karibu Machi, majahazi yalifika kutoka Arabuni, Ghuba na Uhindi yakiwa na tende, chumvi, papa na mazulia. Upepo ulipogeuka kuwa kusi yalirudi, na mengi yalipakia boriti za mikoko zilizokatwa delta ya Rufiji. Boriti hizo hizo ndizo zilizoshika dari za Mji Mkongwe. Vyumba vya majumba yale ya fahari, yenye milango iliyochongwa na kuta nene za mawe na chokaa, ni vyembamba, kwa kawaida mita 3 hivi, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo bila kupinda. Tunauita mji wa mawe, na tunasahau kwamba mawe yake yametandikwa juu ya miti ya matopeni. Kipimo cha sebule ya tajiri kilitolewa na mti unaoota penye maji ya chumvi.

Sultani Sayyid Said alipohamishia makao yake hapa kutoka Maskati, kati ya miaka ya 1830 na 1840, mji ulianza kufura. Karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa vilileta fedha na watu. Charles Guillain, nahodha Mfaransa aliyefika Zanzibar miaka ya 1840, aliacha ramani inayoonyesha wazi jinsi maji yalivyoukumbatia mji karibu pande zote. Rasi ina mwisho, na biashara haikuwa na mwisho. Watu wakavuka. Daraja likajengwa, na upande wa pili ukakua mji mwingine, Ng'ambo, hadi ukaupita ule wa kwanza kwa watu.

Waliovuka walikuwa mafundi seremala, wachukuzi, wavuvi, wauza maji, Wangazija, Washihiri, watumwa waliojengewa na mabwana zao na waliojijengea wenyewe. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa jirani na hori. Lilifungwa 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na mahali pake Waanglikana wakajenga kanisa kuu. Hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa 1897, na katika miaka iliyofuata maelfu waliokuwa mashambani walifuata kazi na uhuru mjini. Wengi walisimamisha nyumba zao za udongo na makuti Ng'ambo, kwa sababu ndiko kulikokuwa na ardhi na ndiko walikopokewa.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi wanalisimulia vibaya. Tumezoea kusema hori liliwagawa Waarabu, Wahindi na Wazungu wa majumba ya mawe na Waswahili wa vibanda. Lakini kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 nyumba za udongo zilikuwako pia ndani ya rasi, ukuta kwa ukuta na majumba ya mawe, na mkubwa na mdogo walipishana katika vichochoro vile vile. Mpaka ulikazwa baadaye. Baada ya himaya ya Uingereza kuanza 1890, watawala waliitazama Zanzibar wakaona miji miwili: mmoja mji kweli, mwingine makazi ya wenyeji. Kanuni za ujenzi, uzoaji taka, mabomba, taa na polisi vilifuata mtazamo huo. Hori lilikuwa tayari pale, likawafaa. Maji ambayo kwa vizazi yaliwabeba watu kwenda na kurudi yalipewa kazi ya kuwatenga.

Nisiwe mwepesi wa kuwalaumu wote waliotaka hori lifukiwe. Lilinuka. Kwa miaka mingi ufukwe na hori vilikuwa choo na jaa la mji, na palipotupwa taka nyingi kuliko nguvu ya maji kuzitoa, uvundo haukuwa wa tope tu. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika mwishoni mwa 1856, aliandika kurasa nyingi juu ya uchafu huo. Mmisionari David Livingstone, aliyepita 1866, aliupachika mji jina la dhihaka kwa ajili ya harufu yake. Wageni huandika wanachotaka kuandika, na wote wawili walikuwa na majivuno yao. Lakini maradhi hayakuwa majivuno. Kipindupindu kilipiga mji mara kwa mara, na mlipuko wa 1869 na 1870 uliua maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar wakati huo, alichapisha 1876 kitabu kizima kuhusu jinsi ugonjwa huo ulivyosafiri Afrika Mashariki kwa njia za biashara. Mama aliyezika watoto wawili kwa wiki moja hakuhitaji somo la mikoko. Alihitaji maji safi na mahali pa kuondolea uchafu.

Na dawa hiyo ilijulikana. Barghash mwenyewe alileta maji ya chemchemi mjini kwa mabomba, na kazi hiyo iliokoa watu kuliko hotuba zote. Tatizo lilikuwa kwamba mabomba na mitaro havikufika pande zote kwa kipimo kimoja, na badala ya kuondoa uchafu kwenye hori, ikaonekana rahisi kuliondoa hori lenyewe. Tena ilifanywa kwa vipande. Hori linalopokea bahari yote, maji yake huingia na kutoka, na mbu hapati mahali pa kutagia. Hori lililozibwa nusu hubaki na vidimbwi vya maji yaliyotulia, yenye chumvi kidogo, na wako mbu wa malaria wa pwani wanaozaliana vizuri katika maji ya namna hiyo. Kila kipande kilichofukiwa kilifanya kipande kilichobaki kiwe kibaya zaidi, na ubaya huo ukawa sababu ya kuendelea kufukia.

Sehemu ya kusini ndiyo iliyotangulia. Mnazi Mmoja, palipokuwa na tambarare ya maji, pakawa viwanja vya michezo, gofu ya Wazungu ikiwemo. Kando yake ikajengwa Beit el-Amani, jumba la makumbusho lililobuniwa na John Sinclair, likakamilika 1925. Uwazi ule ulikuwa na manufaa mengine machoni pa watawala: ulikaa kati ya makazi yao na Ng'ambo. Lakini watu wana namna yao ya kupatwaa mahali. Vijana wa Ng'ambo walipafanya Mnazi Mmoja uwanja wao wa mpira, watoto wakapafanya mahali pa sikukuu, na Maulidi ya kila mwaka yakakusanya hapo mji mzima. Tope lililofukiwa ili litenge watu likawa, siku hizo chache, baraza yao wote. Nalitaja hili kwa heshima, kwa sababu ardhi mpya ilipatikana na watu waliitumia vyema.

Upande wa kaskazini uliendelea kupokea maji muda mrefu zaidi. Soko la Darajani lililofunguliwa 1904 lilikuwa na hori jirani yake kwa miongo kadhaa. Mpangamiji Mwingereza H. V. Lanchester alichapisha uchunguzi wake kuhusu Zanzibar 1923, na tangu hapo hakuna mpango wa mji ulioweza kuukwepa mstari ule. Miaka ya 1950 kazi ya kufukia ikamalizika, barabara ikatandazwa. Kwa macho ya wakati ule lilikuwa jambo la maendeleo: hakuna tena matope, hakuna tena uvundo, magari yanapita.

Mpaka je, ulifukiwa? Kabla ya maji kuondoka, Ng'ambo ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba ugomvi wake haukuwa na maji. Mwaka 1928 wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi chini ya nyumba walizojijengea wenyewe. Siti binti Saad, aliyetoka Fumba akakaa Ng'ambo, aliimba mambo ya mahakama, ya wanyonge na ya wakubwa katika lugha ya mtaa ule, na sauti yake ikavuka daraja hadi kwenye majumba na hadi Bombay ilikorekodiwa. Mwaka 1948 mgomo wa wafanyakazi wa bandarini ukaenea mjini kote. Yote hayo yalitokea hori likiwapo. Lilipoondoka, barabara ilishika nafasi yake barabara: upande huu mji wenye hati na majina ya wajenzi, upande ule nyumba zisizohesabiwa. Usiku wa Mapinduzi, Januari 1964, waliotoka Ng'ambo hawakuwa na maji ya kuvuka. Umbali kati ya pande mbili ulikuwa mkubwa vile vile.

Serikali ya Mapinduzi ililiona hilo na ikajibu kwa zege. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki waliandaa mpango wa mji 1968, na majengo marefu ya Michenzani yakapandishwa katikati ya Ng'ambo, yakikata mitaa ya zamani, ili mtu wa Ng'ambo naye apate ghorofa, umeme na maji ya bomba ndani. Ilikuwa nia ya haki, na walioishi humo tangu vyumba vinanukia rangi wanaikumbuka kwa fahari. Hata hivyo Mji Mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, mstari wa heshima ulifuata tena ukingo wa hori. Ilibidi tusubiri hadi muongo uliofuata, mradi wa Ng'ambo Tuitakayo ulipoanza kuandika historia ya mitaa ile, mabaraza yake, kumbi zake na miti yake, ndipo serikali yenyewe ikasema rasmi kwamba upande wa pili nao una urithi. Mahali palipokuwa na maji kwa karne nyingi palihitaji zaidi ya nusu karne ya ukavu kabla ya sentensi hiyo kuandikwa.

Na maji nayo hayakuondoka. Maji hufuata mkondo, na mkondo ni umbo la ardhi. Kifusi hubadilisha uso wake bila kubadilisha mteremko wa yanakotoka. Mvua ya masika ikinyesha Unguja mjini hainyeshi kwa adabu. Kisiwa hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na sehemu kubwa humwagika kati ya Machi na Mei. Zamani maji hayo yalikuta udongo, migomba na miembe, kisha hori. Leo yanakuta mabati, saruji na lami, na chini yake mtaro. Mtaro unamwaga baharini. Mvua ikikutana na bahari iliyopwa, mtaro unapumua na maji yanakwenda. Ikikutana na bamvua lililojaa, bahari imesimama mlangoni juu zaidi ya mdomo wa mtaro, na maji ya mvua hayana pa kwenda. Yanarudi nyuma, yanapanda kwenye chemba, yanainua vifuniko, yanaingia dukani na chumbani pamoja na kila kilichokuwa chooni. Hori lilikuwa na uwezo wa kungoja saa sita. Mtaro hauna.

Mnazi Mmoja penyewe bahari imekuwa ikijipenyeza uwanjani nyakati za bamvua kubwa, ikaacha maji ya chumvi juu ya majani. Bahari inapanda, hilo linapimwa dunia nzima, na mahali pa kwanza inapopita ni pale ilipopita zamani. Ndani zaidi, Sebleni na Mwanakwerekwe, mabonde yaliyozoea kuwa mabwawa ya masika yamezungukwa na nyumba, na kila masika kubwa mabwawa hayo hujaa na kuwakuta wakazi kitandani. Serikali imejenga mitaro mikubwa kupitia Mradi wa Huduma za Miji Zanzibar, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ukuta wa Mizingani umetengenezwa upya. Kazi hizo zimesaidia, na anayesema vinginevyo hajawahi kuishi mtaani kabla ya mitaro. Lakini tuione bei: fedha tunazokopa leo zinanunua upya sehemu ya kazi iliyokuwa ikifanywa na tope bila malipo. Na katika mlipuko wa kipindupindu wa 2015 na 2016, karibu karne moja na nusu baada ya Christie, ugonjwa uliodaiwa kuwa sababu ya kuondoa maji ulionyesha kwamba bado unazijua njia za mji.

Yaliyoikuta Zanzibar hayakuishia Zanzibar. Nairobi ilizaliwa 1899 kama kambi ya reli kando ya kinamasi, na kila mvua kubwa huukumbusha mji asili yake. Dar es Salaam imelitazama Bonde la Msimbazi kwa miaka mingi kama kiwanja kinachongoja mjenzi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao. Hata hivyo karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, bondeni mle mle, na mara kwa mara picha za mabasi yaliyozama zimezunguka nchi nzima. Maskini akijenga bondeni huitwa mvamizi. Serikali ikijenga bondeni huitwa mradi. Maji huwafikia wote wawili, ila mmoja wao ana bima.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo hili lote. Tulipolifukia hori tulidhani tunamaliza vitu viwili, uchafu na utengano, na kimoja wala kingine hakikuwa mali ya maji. Uchafu ulitokana na mji kutojenga vyoo vya kutosha watu wake wote. Utengano ulitokana na sheria, kodi na bei za ardhi. Maji yalikuwa yanaonekana, kwa hiyo yalibeba lawama. Tukayaondoa, na chanzo kikabaki kilipokuwa, ila sasa bila ile nafasi ya wazi iliyokuwa ikipokea mvua na bahari. Kila mji unaotafuta ardhi mpya kwa kufukia kinamasi hufanya hesabu ya viwanja vitakavyopatikana. Sijaona wengi wanaofanya hesabu ya kazi itakayopotea, wala ya mlango ambao maji yatabisha yakikosa njia yake.

Siombi barabara ya Darajani ichimbwe. Watu wanakula pale, na soko lina haki ya kuishi. Naomba mambo ambayo yanawezekana. Mstari wa ukingo wa zamani uchorwe barabarani na kwenye ramani za shule, kutoka Funguni hadi Mnazi Mmoja, ili mtoto wa darasa la tano ajue anatembea juu ya nini na mnunuzi wa kiwanja ajue ananunua nini. Uwanja wa Mnazi Mmoja ubaki uwanja, usigawiwe kipande kwa kipande, maana ndio nafasi ya mwisho iliyobaki ya maji hayo kupumzika. Mabwawa ya Sebleni na Mwanakwerekwe yalindwe kama mabwawa, na waliozungukwa nayo walipwe haki yao kabla hawajaambiwa wahame. Mikoko iliyobaki Unguja ihesabiwe miongoni mwa mitaro ya nchi, ipewe fungu la matunzo kama mitaro inavyopewa. Na wazee wa Funguni, Malindi, Kisiwandui na Vikokotoni waliovuka maji yale utotoni waandikwe maneno yao sasa, maana aliyekuwa na miaka kumi hori lilipofukiwa amekwisha kuvuka sabini.

Kisha kila ombi la kufukia, liwe la tajiri anayetaka hoteli, liwe la wizara inayotaka ofisi, liulizwe maswali mawili mbele ya wakazi, na majibu yaandikwe: maji yanayopita hapa yatapita wapi, na yakikosa njia yataingia nyumba ya nani? Kwa muda mrefu swali la pili limekuwa na jibu moja, na jibu hilo ni mtu wa Ng'ambo, mtu wa Jangwani, mtu ambaye hakuwa chumbani ramani ilipotandazwa. Mji utakaokataa jibu hilo utakuwa umeanza kweli kulifukia hori.